Magurudumu manne hayazuii gari kuteleza kwenye kona

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wako wa safu ya magari aliandika wiki mbili zilizopita kwamba mwenye gari linalovutwa na magurudumu yote manne aingie kona bila hofu, kwa kuwa gari la namna hiyo halitelezi, na likianza kuteleza basi difu ya kati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imekufa na dawa yake ni kuibadilisha. Nimeusoma mstari ule mara tatu. Mwaka jana niliambiwa maneno hayo hayo na fundi, nikayaamini, nikabadilisha difu ya kati isiyokuwa na kosa lolote. Ile ya zamani nilirudishiwa. Siku hizi inazuia mlango wa stoo usijifunge kwa upepo, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana.

Mimi ni mama wa miaka 53, mhasibu kwa kazi. Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2001 yenye giaboksi ya mkono ya gia tano. Nililinunua kwa kijana aliyekuwa amekwisha kulifanyia mambo yake: amelishusha kwa springi za kurekebisha urefu, amefunga stabilaiza nene nyuma (ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia), amevalisha rimu za inchi 18, na kuweka tabo, yaani kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, kubwa kuliko ya kiwandani. Mpwa wangu aliposikia mlio wake mara ya kwanza aliniambia, "Shangazi, hili si gari la kwendea ofisini." Nakwenda nalo ofisini kila siku.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Naingia kona ya kushoto kwa mwendo wa kawaida, gari linatulia. Nafika katikati, bado limetulia. Nikianza kukanyaga mafuta ili nitoke, injini inapiga kelele, sindano ya mizunguko ya injini kwa dakika inaruka kutoka 4,000 hadi zaidi ya 5,000, lakini gari haliendi. Linakaa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha ghafla linashika, linarusha mkia kidogo na kunisukuma mbele. Kona za kulia zilikuwa na tabia hiyo pia, ila si kwa ukali ule.

Fundi wa kwanza hakuliendesha. Alinisikiliza dakika moja, akasema, "Mama, difu ya kati imekwisha." Tukabadilisha. Jioni ile ile, kwenye kona ile ile, sindano ikaruka vile vile. Fundi wa pili alitazama matairi akasema yamelika, nikanunua mawili mapya ya saizi 225/40R18 nikayaweka nyuma. Hali ikazidi kuwa mbaya, na sababu yake nitaieleza mbele kwa sababu inanikera mpaka leo. Fundi wa tatu alitaka kunifungia difu ya nyuma ya mashindano. Hapo nikakumbuka kazi yangu. Hesabu zikikataa kulingana, mhasibu haongezi fedha kwenye akaunti ili zilingane. Anarudi kwenye vocha moja moja.

Nikanunua daftari. Kila safari niliandika ni kona ipi, gia ipi, mwendo gani, na juu ya yote, tatizo limetokea sehemu gani ya kona: wakati wa kuingia nikiwa bado na breki, katikati nikiwa nimeachia, au wakati wa kutoka nikikanyaga mafuta. Safu nyingine niliiweka kwa ajili ya sindano ya mizunguko, na nyingine kwa ajili ya usukani. Mafundi watatu hawakuniuliza hata swali moja kati ya hayo. Mwandishi wako naye hakuyagusa.

Sindano kwanza, maana hiyo haigharimu chochote. Ukipoteza mvuto kwenye kona na sindano ikashuka au ikayumba, tairi huna kesi nalo, injini ndiyo imekosa kitu. Kwenye kona ndefu, tangi likiwa na mafuta kidogo, mafuta hukimbilia upande mmoja na pampu ikanyonya hewa. Dereva anahisi gari limekata, analaumu magurudumu. Jaza tangi urudie kona ile, utajua. Sindano ikipanda, kuna kitu kinateleza, lakini bado si lazima kiwe tairi. Klachi iliyochoka nayo hupandisha sindano bila kuongeza mwendo. Tofauti ni kwamba klachi haina habari na kona: itateleza hata kwenye barabara iliyonyooka, ukiwa gia ya nne au ya tano na kukanyaga mafuta yote, na mara nyingi itakuachia harufu. Yangu kwenye barabara iliyonyooka ilishika vizuri. Nikaifuta kwenye orodha.

Usukani nao unasema. Matairi ya mbele yakikosa mshiko, usukani huwa mwepesi mikononi, pua inaanza kwenda nje ya kona, na ukizidisha kukata hakuna kinachobadilika. Ya nyuma yakikosa, habari unaipata kwenye kiti, mgongoni, kabla hata macho hayajaona. Daftari langu lilikuwa na kurasa tisa za maneno "usukani mzito" kwenye safu hiyo. Yaani mbele kulikuwa salama. Kilichoteleza kilikuwa nyuma, wakati wa kutoka tu, na zaidi kwenye kona za kushoto. Mhariri, kwa maelezo hayo matatu tu nusu ya ile orodha ya vipuri nilivyouziwa ingekufa siku ya kwanza.

Sasa niseme kuhusu hii imani ya magurudumu manne. Kila tairi lina bajeti moja ya mshiko. Kukata kona kunatoa humo, kukanyaga mafuta kunatoa humo humo, breki nayo inatoa humo humo. Kuvutwa na magurudumu yote manne kunagawa nguvu unayoidai ukikanyaga mafuta kwa matairi manne badala ya mawili, basi. Hakuongezi hata senti kwenye fungu la kukata kona. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, ukiipita kwa kilomita 60 kwa saa, inataka mshiko wa kando wa kama 0.57 ya uzito wa gari. Ongeza kilomita 10 tu, inataka 0.77, kwa sababu mwendo unazidishwa kwa wenyewe. Tairi zuri la kawaida kwenye lami kavu lina takriban 0.9 hivi. Piga hesabu mwenyewe ni kiasi gani kinabaki cha kumpa mguu wa kulia. Gari la magurudumu manne, la mawili, hata mkokoteni, hesabu ni ile ile.

Na kama magurudumu manne yangetosha peke yake, wahandisi wa Mitsubishi wasingehangaika kuweka kwenye Lancer Evolution IV ya mwaka 1996 mtambo wa kugawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia la nyuma, kisha mwaka 2001 kwenye Evolution VII wakaongeza difu ya kati inayosimamiwa na kompyuta. Subaru nao kwenye STI, ile Impreza yao kali zaidi, waliweka difu ya kati ambayo dereva anairekebisha kwa kigurudumu kidogo karibu na gia. Watu hao walijua kwamba kati ya injini na lami kuna milango mitatu: difu ya mbele, ya kati na ya nyuma, na nguvu hupenda mlango ulio wazi.

WRX yangu ya gia tano inagawa nguvu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Ndani ya difu ya kati mna kifaa chenye sahani nyingi nyembamba zinazokaa kwenye mafuta mazito ya silikoni. Sahani zikianza kupishana mwendo, mafuta yale yanakataa kukatwa na kuzilazimisha zifuatane. Difu ya mbele iko wazi kabisa. Ya nyuma ina kifaa cha silikoni kama cha kati, kidogo zaidi, na chenye umri wake. Gurudumu moja likiachwa hewani, difu iliyochoka hulipa nafasi ya kuzunguka bure, na matatu yaliyo chini yanapata nguvu ndogo sana. Hapo ndipo sindano inaruka na gari halitoki.

Difu ya kati ikifa ina dalili zake, si uaguzi. Ikiwa imeganda, gari litajikaza ukikata usukani wote na kwenda polepole kwenye sakafu kavu. Utasikia linarukaruka kama linavuta kitu. Langu halikuwahi kufanya hivyo, kabla wala baada ya kubadilishiwa. Na hapa naomba radhi kwa kutoka nje ya mada: nimeona gereji moja fundi akiinua gurudumu moja kwa jeki, akawasha injini na kuingiza gia ili aone nani anazunguka. Gari lile magurudumu yake mengine matatu yapo chini na yana uwezo wa kuvuta. Linaweza kushuka kwenye jeki na kuondoka na mtu. Nilisimama mbali mpaka alipozima.

Nirudi kwenye matairi mapya mawili. Tairi la 225/40R18 kwa hesabu ya karatasi lina kipenyo cha kama milimita 637, hivyo mzunguko wake ni karibu milimita 2,000; kila kilomita linazunguka mara 500. Yangu ya mbele yalikuwa yamelika milimita 3 kuliko mapya. Milimita 3 za nusu kipenyo ni karibu milimita 19 za mzunguko, na hizo ni takriban mizunguko 5 ya ziada kwa kila kilomita. Kwa hiyo difu yangu mpya ya kati haikuwahi kupumzika: hata kwenye barabara iliyonyooka kama rula, sahani zake zilikuwa zinapishana na silikoni inachemka. Nilikuwa nimenunua kipuri kipya na kukianzishia ugonjwa wake siku hiyo hiyo. Kitabu cha gari kinasema wazi matairi yote manne yawe ya saizi moja, aina moja, na yamelika sawa. Fundi wa pili hakukifungua. Wala mimi, nakiri.

Ili kujua mzunguko hasa huhitaji karatasi. Weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, sukuma gari mpaka alama irudi chini, pima kwa tepu. Fanya hivyo kwa matairi yote manne, upepo ukiwa sawa. Upepo wenyewe upime asubuhi kabla gari halijaondoka, kwa sababu kila nyuzi 10 za Selsiasi zinaongeza paundi moja na nusu hadi mbili. Mimi nilikuta nyuma kushoto paundi 38 na nyuma kulia 31, na mtu aliyejaza alikuwa ameniambia yote ni 33. Nikasawazisha. Kwenye daftari tatizo lilipungua kidogo, halikwisha.

Siku ya Jumapili nikaomba ruhusa ya kutumia uwanja wa bohari lisilokuwa na watu, lami tupu, kavu, pana. Sikutaka kufanya majaribio barabarani. Tuliweka koni za plastiki kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 15. Kwenye duara dogo hivyo kilomita 35 kwa saa zinatosha kudai mshiko wa kama 0.64, na 40 zinadai zaidi ya 0.8. Ndiyo uzuri wa duara dogo: unalifikisha gari mwisho wa uwezo wake kwa mwendo ambao ukikosea unaishia kugonga koni.

Kabla ya kuanza nilifunga zile kamba za plastiki za kufungia nyaya kwenye fimbo ya kila shokapu, zikae chini kabisa. Shokapu ikibonyea, mwili wake unaisukuma kamba juu na kuiacha hapo. Ukisimama unasoma ni milimita ngapi imesafiri. Nilichora pia mistari ya chaki kwenye mabega ya matairi, ili nione yanalala mpaka wapi. Na mpwa wangu nikampa simu apige video, amelala kifudifudi pembeni, mbali na njia ya gari, akitazama magurudumu ya nyuma tu.

Tulizunguka kushoto. Kilomita 30, hakuna kitu. Nilipofika 35 nikaongeza mafuta taratibu, sindano ikaruka. Nikasikia mpwa anapiga kelele, nikadhani amegongwa na koni. Kumbe alikuwa anacheka. "Shangazi, gurudumu linakojoa!" Tukaitazama video. Gurudumu la nyuma kushoto, la ndani ya kona, lilikuwa limenyanyuka kabisa. Kati yake na lami ulipita mwanga. Lilikuwa linazunguka hewani kwa nguvu zote za ile tabo kubwa, matatu mengine yamebaki yanasubiri.

Kamba kwenye shokapu ya nyuma kulia ilimaliza hadithi. Ilikuwa imesukumwa mpaka kwenye kile kimpira kinachozuia shokapu isigonge mwisho. Gari likiwa limesimama, upande ule ulikuwa umebakiza milimita 12 tu kabla ya kukigusa. Upande wa kushoto ulikuwa na 20. Aliyelishusha gari hakulisawazisha, na hiyo ndiyo sababu kona za kushoto zilikuwa mbaya zaidi: kona ya kushoto inaulalia upande wa kulia, na kulia ndiko kulikokwisha nafasi mapema.

Nieleze kilichokuwa kikitokea, kwa sababu watu wengi wenye magari yaliyoshushwa wanaishi nacho bila kujua. Gari linapolala kwenye kona, springi ya nje inabonyea na kubeba uzito taratibu. Ikifika kwenye kimpira, springi haipo tena. Pale pana kitu kigumu kama gogo. Uzito wote wa ziada wa kulala unaangukia tairi lile moja la nyuma la nje. Halafu ile stabilaiza nene, ambayo kazi yake ni kuunganisha kushoto na kulia, inaona la nje limepanda juu na kulivuta la ndani lipande nalo. Ndivyo lilivyonyanyuka. Na tairi lililobebeshwa uzito mara mbili halikupi mshiko mara mbili, linakupa pungufu ya hapo. Ndiyo maana mkia ulirushwa pale gurudumu la ndani liliporudi chini.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa springi hawalisemi. Impreza ina shokapu za kusimama zinazoshika gurudumu moja kwa moja, na mikono ya chini inayolishikilia kwa ndani. Ukilishusha sana, mikono ile inaanza kupanda kwenda nje, na ile nukta ambayo mwili wa gari unalalia inashuka chini haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kilivyoshuka. Kwa hiyo gari lililoshushwa kupita kiasi, springi zikiwa zile zile, linataka kulala zaidi, wakati nafasi ya kulala umeipunguza. Mtu anashusha gari lisilale, linalala.

Sikukimbilia kununua kitu. Tulifungua nati moja ya kiungo cha stabilaiza ya nyuma, upande mmoja tu, tukakifunga kwa kamba kisiguse kitu. Stabilaiza iliyofunguliwa upande mmoja haifanyi kazi. Nikarudi kwenye duara. Gari lililala kama mashua, lakini gurudumu lilibaki chini na sindano ilipanda kwa utaratibu bila kuruka. Jaribio la dakika kumi kwa spana moja. Hilo ni la uwanjani tu, usiendeshe barabarani hivyo.

Baada ya hapo tulitengeneza kitu kimoja kimoja, na kila kimoja tukarudi uwanjani. Fundi wa nne, ambaye nilimpata kwa kumwonyesha video badala ya kumweleza, alinung'unika kidogo kuhusu utaratibu huo. "Mama, tufunge vyote tumalize." Nikamwambia tukifunga vyote hatutajua kipi kimetibu. Alikubali, na nadhani mwishoni alianza kuufurahia, kwa sababu yeye ndiye aliyedai tupime upya baada ya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu.

Tulirudisha stabilaiza ya kiwandani ya nyuma. Tuliinua nyuma na mbele milimita 25, tukasawazisha kushoto na kulia. Kwenye mashine ya alaimenti tulikuta magurudumu ya nyuma yanatazama nje, la kulia kuliko la kushoto, na bushi (raba za viungo) za mkono mmoja wa nyuma zimechanika. Gurudumu la namna hiyo linajikatia kona lenyewe kila mwili unapopanda na kushuka. Hiyo ilieleza kwa nini kwenye matuta katikati ya kona mkia ulikuwa na mawazo yake. Matairi yakawa manne ya aina moja. Nilipima joto lake kwa kipima joto cha kuelekeza mara tu baada ya kuzunguka, sehemu tatu kwa kila tairi: bega la ndani, katikati, bega la nje. Katikati ikiwa moto kuliko mabega, upepo umezidi. Mabega yakiwa moto kuliko katikati, umepungua. Bega la ndani likiwaka peke yake, tairi limelazwa ndani kupita kiasi. Yangu ya nyuma yalikuwa yakiwaka ndani, tukayasimamisha kidogo.

Tabo sikuiondoa. Ina tabia ya kulala mpaka mizunguko 4,000 kisha kuamka kwa pupa, na mtu akikanyaga mafuta mapema katikati ya kona nguvu inamfikia wakati usukani bado umekatwa. Hilo nimelitibu kwa mguu wangu: nasubiri usukani uanze kunyooka ndipo nikanyage. Vijana wa ofisini wanasema naendesha kizee. Waache.

Wenye magari mapya kidogo watakuwa na jambo ambalo langu halina. Kompyuta inayozuia mtelezo hupunguza nguvu ya injini na kushika breki ya gurudumu moja yenyewe, na dereva anahisi gari limekufa kwenye kona. Tazama taa yake kwenye dashibodi. Ikiwa inawaka na kuzima pale pale gari linapokata, usibadilishe kipuri hata kimoja kabla ya kupima mizunguko ya matairi, kwa sababu kompyuta hiyo inasoma mwendo wa kila gurudumu, na matairi yasiyolingana yanaidanganya.

Naomba basi safu yako isahihishe ule ushauri wa kubadilisha difu ya kati. Kama mwandishi anataka, nitamwazima daftari, ila arudishe, kwa sababu bado nalitumia. Difu yangu ya nyuma imechoka kweli. Kwenye lami kavu sasa haina nafasi ya kujionyesha, lakini wiki iliyopita, mvua ikiwa imenyesha, nikitoka kona ya kulia kwa gia ya pili, sindano ilipanda mizunguko 300 hivi kabla gari halijashika. Nimeandika ukurasa wa 31, na mpwa nimemwambia aweke simu chaji kwa ajili ya Jumapili.

Wako,
Mhasibu, msomaji wako wa kila wiki